Herufi ishirini ndani ya dakika moja

Ofisi ni ya kampuni ndogo ya utalii pale Njiro, Arusha. Walikuwa wamehamia kwa mtoa huduma mwingine wa intaneti, na anwani mpya ilitakiwa kuingizwa kwenye faiwoli yao (kifaa kinacholinda mtandao wa ofisi), FortiGate 60E, kiboksi cheupe kilicholala juu ya kabati la mafaili. Kazi ya dakika tano. Nikaomba neno la siri. Meneja akamtazama mhasibu, mhasibu akanitazama mimi.

"Fundi, alikuwa nalo yule kijana aliyehamia Mwanza."

Tukampigia. Muungwana kweli, akatutajia maneno matatu, na yote yakagoma. Simlaumu, maana hata mimi la kwangu la mwaka juzi silikumbuki.

Njia ya mkato ilikuwepo: kukirudisha kifaa kilivyotoka kiwandani. Nikamuuliza meneja kama ana nakala ya mipangilio. Hana. Humo ndani kulikuwa na njia ya VPN, yaani njia ya siri ipitayo kwenye intaneti, ya kwenda ofisi yao ya Moshi, sheria za kamera, na mtandao wa wageni uliotengwa na ule wa wafanyakazi. Ukifuta, unaanza kuvibuni upya kimoja kimoja huku simu za mawakala zinaita. Nikakataa.

Vifaa hivi, kwa matoleo ya zamani ya programu yake, vina mlango wa nyuma uliowekwa na watengenezaji wenyewe. Unaunganisha kebo ya konsoli, ile ya kuunganisha laptopu na kifaa moja kwa moja, unaingia kwa jina "maintainer", na neno la siri ni herufi bcpb zikifuatiwa na namba ya usajili ya kifaa (serial number). Sharti, uwe umesimama hapo kilipo kifaa. Tena uchomoe waya wa umeme na kuurudisha. Kukiwasha upya kwa amri hakusaidii. Kikishawaka unapewa kama dakika moja tu, pengine pungufu, halafu mlango unajifunga.

Kabla ya kugusa chochote nilimwomba meneja aniandikie ruhusa kwenye WhatsApp. Kufungua kifaa cha watu bila ruhusa ni jambo la kukupeleka polisi, hata kama umeitwa fundi. Tukakubaliana nisubiri saa kumi na moja jioni, kwa sababu kila nikichomoa waya ofisi nzima inakatika.

Laptopu yangu haina tundu la kebo ya konsoli, kwa hiyo natembea na kiunganishi cha USB. Nikafungua PuTTY, programu ya kuandikia kifaa amri, nikaweka kasi ya mawasiliano ya 9600. Namba ya usajili nikaisoma kwenye stika iliyo chini ya kifaa, kwa tochi ya simu: herufi kumi na sita, nyingine zimefifia. Ukijumlisha na zile nne unapata ishirini.

Mara ya kwanza niliandika kwa mkono. Herufi zenyewe huzioni unapoandika, na kidole kilipoteleza kwenye ya kumi na tatu nikaanza upya. Nikakataliwa, nikajaribu tena, muda ukaisha. Mara ya pili nikaandika mapema kwenye Notepad ili nibandike tu. Nikabandika haraka, nikakataliwa tena. Jasho likaanza. Mama mhasibu, ambaye alikuwa amegoma kuondoka, akauliza kama aniletee chai.

Chai ile ndiyo iliyoniokoa, maana ilinifanya nitulie na kupandisha ukurasa wa konsoli nisome yaliyopita. Kifaa kinapowaka kinajitambulisha chenyewe, na namba yake ya usajili inatokea pale kwenye skrini, safi kabisa. Nikailinganisha na niliyoisoma kwenye stika. Mimi nilikuwa nimeandika B. Skrini inasema 8.

Nikainakili moja kwa moja kutoka kwenye skrini. Nikachomoa waya, nikahesabu hadi kumi, nikarudisha. Kilipouliza jina nikaandika maintainer, nikabofya kitufe cha kulia cha kipanya kubandika, nikapiga Enter. Alama ya # ikatokea: nimeingia.

Yaliyobaki yalikuwa mepesi, amri chache tu: config system admin, edit admin, set password na neno jipya, kisha end. Nikaingia kwa kivinjari, na kitu cha kwanza nilichofanya, hata kabla ya anwani mpya, ni kushusha nakala ya mipangilio. VPN ya Moshi ikarudi kabla chai haijapoa.

Programu yake bado ilikuwa ya mfululizo wa 6. Nilimweleza meneja kwamba lazima isasishwe, ina matundu ya usalama, lakini kuanzia toleo la 7.2.4 mlango ule wa nyuma umeondolewa kabisa.

"Kwa hiyo tukisahau tena?"

"Hapo ni kufuta kila kitu, bosi."

Mama mhasibu akatoa bahasha ya kaki kwenye droo, akaniambia niliandike neno lile kwa herufi kubwa, zinazosomeka. Akaifunga kwa gundi, akasaini juu ya mkunjo, akaifungia kwenye kasha la fedha. Jumamosi iliyofuata nikarudi kusasisha.