Bobcat inachemsha Oman: anza na hewa, hedi iwe ya mwisho

Ndugu zangu mafundi mnaokuja Oman kutoka Dar, Unguja, Mombasa na Kampala, mkifika gereji za Wadi Kabir au Ghala, Maskati, mtazikuta bobcat (vile vipakiaji vidogo) na viekskaveta vidogo vimepangwa foleni. Kiangazi kikianza, kilio ni kimoja: mashine inachemsha. Wengi hulilaumu jua, halafu wanatoa thamostati (vali inayofungua njia ya maji injini ikipata joto), halafu wanafungua hedi, kile kichwa kinachofunika silinda. Siku tatu zinakwenda, gasketi nzima inatupwa, na mashine inarudi saiti ikichemsha vilevile.

Jua lina sehemu yake. Rejeta hupoza kwa tofauti ya joto kati ya kulanti, yaani maji ya kupozea injini yenye dawa, na hewa. Kulanti ikiwa nyuzi 95 na hewa ya Dar nyuzi 30, tofauti ni 65. Hewa ya bara ya Oman ikifika 47, tofauti inabaki 48, yaani zaidi ya robo ya nguvu ya rejeta imeshaondoka kabla hujagusa kitu. Rejeta iliyoziba kidogo, mkanda uliolegea, kifuniko cha rejeta kilichochoka, hivi vyote kwetu vinavumilika. Hapa havivumiliki. Mashine nzima, safi, imeundwa kustahimili joto hili. Kwa hiyo ikichemsha, kuna kitu kimepungua, na kazi yako ni kukitafuta.

Muhoji dereva kwanza. Saiti nyingi lugha ya kazi ni Kihindi na Kiurdu kilichochanganyika na Kiarabu. Atakwambia tu "garam", imepata joto. Usiishie hapo. Inachemsha ikisimama sailensa, yaani inaunguruma bila kazi, au ikiwa na mzigo? Ikifanya kazi ya nyundo ya kuvunjia zege tu, au hata ikibeba mchanga? Ilianza ghafla au polepole? Maji inapunguza? Ukipata majibu haya, nusu ya kazi imekwisha. Inayochemsha kwenye mzigo bila kupunguza maji, mara nyingi ni hewa au haidroliki. Inayopunguza maji na huoni tone chini, hapo ndipo uanze kuishuku hedi.

Ikikujia ya moto, usifungue kifuniko. Kama maji yapo na mkanda ni mzima, iache sailensa dakika tatu hadi tano ipoe kwa feni yake. Kama mkanda umekatika au maji yamekwisha, zima papo hapo. Usimimine maji baridi kwenye bloku ya moto, hedi itapasuka. Kuanzia Juni hadi Agosti sheria inasimamisha kazi za juani saa 6:30 mchana hadi saa 9:30. Mashine ikiwa imeshaingizwa gereji, saa hizo tatu zinatosha kuipoza ufungue kwa usalama. Na kama unainua mikono ya bobcat ili kuifikia injini, weka gongo la kufungia mikono kabla hujaingiza hata kiganja. Haidroliki haiaminiki.

Sasa hewa, na hapa usione uvivu. Kwenye bobcat, kipoza oili ya haidroliki, rejeta na kondensa ya AC vimebanana kama mikate. Ukitazama kwa mbele utaona mapezi, vile vibati vyembamba, ni safi. Uchafu umelala katikati, kati ya kipoza kimoja na kingine, na vumbi la chokaa na saruji likikutana na mvuke wa oili linakuwa udongo wa kufinyangia. Fungua boliti, vitenganishe, mulika tochi upande wa pili. Mwanga usipopita, hewa nayo haipiti. Loweka kwa sabuni ya kuondoa grisi dakika kumi na tano, suuza kwa maji ya mpira wa kawaida, na daima kwa kinyume cha njia ya hewa. Mashine ya presha ikikaribia inalaza mapezi, na pezi lililolala limeziba kama lenye uchafu. Upepo wa kompresa usizidi bar 2. Kujua hewa inaelekea wapi, shika karatasi karibu na wavu injini ikiwa sailensa. Usibahatishe, mashine hazifanani.

Kabla hujarudisha, angalia sponji zinazoziba kingo za rejeta. Mafundi huzitupa wakidhani ni mapambo. Bila sponji, hewa ya moto iliyokwisha kupita inazunguka na kuingia tena, na rejeta inapozwa kwa hewa ambayo tayari ni moto. Angalia pia feni haikufungwa kinyume na kava lake lipo. Mkanda kwenye injini nyingi ndogo za Kubota ubonyee 7 hadi 9 mm ukiukandamiza kwa kilo 10 katikati. Ukiwa uking'aa kama kioo ubavuni, badilisha, kukaza hakutauponya. Feni ya haidroliki haina mkanda, hiyo pima mizunguko yake.

Ikiendelea, chukua bunduki ya kupimia joto. Bati linalong'aa linaidanganya, kwa hiyo bandika kipande cha tepu nyeusi penye mpira wa juu wa rejeta, kingine mpira wa chini, kingine nyumba ya thamostati, upime juu ya tepu. Fanya hivyo mashine ikiwa na mzigo, maana sailensa haikuonyeshi kitu. Kwanza linganisha na geji ya dereva: kwa kihisi kibovu, hedi imewahi kufunguliwa bure. Kisha tazama tofauti ya juu na chini. Nyuzi 5 hadi 10 ni kawaida. Juu na chini vikiwa vyote moto na tofauti ndogo kuliko hiyo, maji yanazunguka lakini hewa haiyapozi. Rudi kwenye mapezi, feni na mkanda. Tofauti ikiwa nyuzi 20 na zaidi, maji hayatembei: thamostati haifunguki vizuri, pampu ya maji imekwisha mabawa, mirija imeziba, au mpira wa chini unajibana kwa mvuto injini ikipandishwa moto. Huo mpira utazame kwa macho dereva akikanyaga. Halafu pitisha bunduki juu ya rejeta yote. Mistari iliyo baridi peke yake ni mirija iliyokufa.

Thamostati ipikwe kwenye sufuria pamoja na kipimajoto. Nyingi za Kubota na Yanmar za ukubwa huu huanza kufunguka karibu nyuzi 71 na kumaliza kwenye 85. Isipofunguka au ikifunguka nusu, nunua mpya. Kuitoa kabisa na kuacha tundu wazi ni kosa ninalolipinga kwa nguvu zote. Thamostati ya aina nyingi ikifunguka huziba pia njia ya mkato ya maji. Ukiitoa, njia hiyo inabaki wazi, na sehemu ya maji ya moto inarudi kwenye injini bila kupita kwenye rejeta. Umeongeza joto ukidhani unalipunguza.

Kifuniko cha rejeta ni cha bei ndogo na kinaua injini za bei kubwa. Cha bar 0.9 kinapandisha kiwango cha kuchemka kwa karibu nyuzi 20. Kipime kwa pampu: kwa vipimo vya Kubota, presha ikishuka kutoka 88 hadi 59 kPa ichukue zaidi ya sekunde 10. Kikishuka haraka zaidi, tupa. Maji yenyewe yawe nusu kulanti nusu maji yaliyochujwa madini. Utasikia kuwa Oman hakuna barafu, kulanti ya nini? Ni ya kuzuia kutu, kulinda pampu na kupandisha kuchemka. Maji ya kisima yenye chumvi yanajenga magadi ndani ya bloku, na magadi yanazuia joto lisitoke kwenye chuma. Kulanti isizidi asilimia 60 pia, kwa sababu ikiwa nzito mno inabeba joto kidogo.

Haidroliki husahaulika sana. Mtiririko wa kifaa cha mbele ukiachwa umefunguliwa wakati silinda yake imegota mwisho, oili yote inapita kwenye vali ya usalama na kugeuka joto tupu. Oili ikivuka nyuzi 100, kipoza chake kinaitupia rejeta hewa ya moto na injini inalaumiwa bure. Pima tangi la haidroliki kabla hujahukumu.

Hapo sasa, kama yote hayo ni mazima, shuku hedi. Dalili: mpira wa juu unakuwa mgumu ndani ya dakika moja tangu injini baridi iwake. Jaza maji hadi shingoni, toa mkanda ili pampu isitibue maji, washa kwa dakika moja tu, tazama shingo. Mapovu yasiyokwisha ni moshi wa silinda. Ile dawa ya buluu ya kupimia gesi inageuka kijani kwa dizeli, si njano kama kwa petroli, na kwa dizeli iliyo sailensa inaweza isigeuke kabisa, basi ipe mzigo.

Ukifungua, weka rula ya chuma juu ya hedi kwa urefu, upana na mshazari, pitisha fila geji, vile vibati vya kupimia upenyo. Kwa Kubota nyingi za aina hii, ikipita 0.05 mm ipelekwe kusawazishwa, na ipimwe nyufa kwa presha kati ya vali. Gasketi mpya ilingane na kimo cha pistoni. Unene hutofautiana, na alama zake ni matundu au vikato pembeni. Boliti zikazwe kwa hatua, kuanzia katikati kwenda nje, kwa toki (nguvu ya kukazia) ya kitabu cha injini hiyo.

Kujaza kusiharakishwe. Simamisha mashine upande wa rejeta ukiwa juu, fungua bomba la hita, mimina polepole, washa bila kifuniko mpaka thamostati ifunguke na maji yashuke, ongeza, funga. Kesho yake asubuhi, kabla dereva hajawasha, fungua tena uangalie. Hewa iliyokuwa imejificha itakuwa imetoka, na mara nyingi utakuta maji yamepungua lita moja.