Mama na hadubini

Leo nimemwonyesha mama kazi yangu. Nimefika Newala na hadubini ndogo ya kubeba, nikachuma jani changa la mkorosho lenye ubwiriunga, ugonjwa wa kuvu, nikagusisha selotepu kwenye ule unga mweupe na kuibandika juu ya kioo. Mama akainama, jicho moja amelifumba, akakaa kimya muda mrefu.

"Kumbe ni punje punje!"

Ndiyo mama. Kila punje ni kijimbegu cha kuvu. Nyuzi zake zinatambaa juu ya jani na kuingiza vifyonzio, viungo vyake vya kunyonyea, ndani ya seli za ngozi yake, zinanyonya chakula seli ikiwa bado hai. Miaka yangu mingi maabara imeishia kwenye utando mwembamba unaozunguka kifyonzio. Shida ni kwamba hadubini ya kawaida ya mwanga haitenganishi vitu vilivyokaribiana chini ya nanomita 200 hivi (nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita). Mwanafizikia Mjerumani Ernst Abbe alieleza sababu yake mwaka 1873. Nimelia usiku kwa ajili ya utando huo, kweli.

Mama amepuliza salfa, dawa ya kuzuia ubwiriunga, kwenye mikorosho hii tangu niko shule ya msingi. Akanyanyua kichwa: "Sasa salfa inawafanya nini hawa?"

Kesho alfajiri tunachuma jani lililopulizwa, tulitazame pamoja.