Pikipiki yangu ya kwanza: kijiwe kizima kilisema 150, nikachukua 100

Nilipotaka kununua pikipiki, niliuliza nichukue injini ya cc ngapi. Vijana wa bodaboda pale Mzumbe walinishauri kwa nia njema, lakini ushauri wao nusura univunje mguu. "Shikamoo mwalimu. Wewe chukua 150. Hiyo 100 milima ya Mgeta haiiwezi, utaijutia." Kila niliyemuuliza aliimba wimbo huohuo, hata shemeji yangu mwenye Boxer ya 150, ambaye aliniazima nijaribu.

Mimi ni mfupi, futi tano na inchi mbili tu. Kwenye uwanja wa shule niliiendesha vizuri, gia zikaingia, nikajiamini. Jumamosi nikaipandisha njia ya Nyandira. Kwenye kona nikakutana na lori la kabichi linateremka. Nikafunga breki, nikashusha mguu wa kushoto. Upande ule ukingo wa barabara ulikuwa umeliwa na mvua: kidole gumba kiligusa changarawe, kisigino hakikupata kitu. Chombo cha zaidi ya kilo 100 kikishaanza kulala hukizuii kwa mguu. Nilijaribu, na goti likaniuma mwezi mzima. Mkono wa klachi ukakatika. Nikabaki nimeushika usukani, nanyanyua, haiendi, mafuta yanadondoka, mpaka utingo wa lile lori akaja kunisaidia.

Usiku ule, goti likiwa limefungwa kanga, ndipo nilipoelewa. Wale vijana wanabeba abiria wawili na viroba vya karoti juu. Kwa kazi hiyo 150 ni sahihi kabisa. Mimi nabeba daftari. Ukitaka ushauri, muulize mtu anayebeba unachobeba wewe, na mwenye urefu wako.

Nikaanza kutafuta ndogo. Kwanza niliangalia 125 iliyotumika, Morogoro mjini, ya milioni moja na laki kadhaa. Muuzaji aliipiga kiki moja tu ikawaka. Lakini nilikuwa nimeshasogeza kiganja karibu na injini kabla hajaigusa: ya moto. Nikamwambia nitarudi kesho saa 12 asubuhi, asiiwashe. Kesho yake kiki zilifika 10 na zaidi, na ilipowaka ikatoa moshi wa bluu. Huo ni oili inaungua ndani, mara nyingi ringi za pistoni zimekwisha. Nikamshukuru, nikaondoka. Muuzaji asiyekubali uikute injini ya baridi, mwache na pikipiki yake.

Mwishowe nilinunua Boxer ya 100, mpya, milioni mbili na ushee, kadi kwa jina langu. Lakini kabla ya kulipa niliomba jambo lililowashangaza pale dukani: nilaze pikipiki kwenye nyasi, halafu niiinue peke yangu. Fundi mmoja mzee alikuwa amenifundisha. Zima, funga koki ya mafuta, ingiza gia isibingirike. Ikiwa imelalia kulia, toa stendi ndogo kwanza, maana ukiinyanyua inaweza kuangukia upande wa pili. Kisha ipe mgongo, makalio yaegemee kiti, mkono mmoja kwenye usukani, mwingine kwenye kerea, kile chuma cha mizigo nyuma ya kiti. Usivute kwa mikono. Sukuma kwa mapaja, hatua fupi fupi za kurudi nyuma. Ikasimama! Nikairudia mara ya pili ili niwe na hakika. Nikaikalia, nyayo zote mbili zikalala chini, visigino na vyote. Nikalipa.

Mgeta inapanda. Kwenye miinuko mikali naenda na gia ya kwanza au ya pili, polepole, na mimi sina abiria anayenihimiza. Fedha iliyobaki ilitosha kofia ngumu nzuri, inayobana mashavu na kufunga chini ya kidevu, na buti za kufunika vifundo. Sketi ndefu niliacha kabisa kwa safari hizo, kwa sababu ya cheni.

Juzi mwalimu mwenzangu, mwembamba na mfupi kunishinda, aliniambia anatafuta pikipiki na kijiweni wamemwambia 150. Nikampeleka nyuma ya madarasa, nikafunga koki, nikailaza yangu kwenye nyasi, nikamwambia, "Haya dada, iinue."