Nyaya za Reli Ndogo Katika Hewa ya Chumvi

Kwa miaka mitatu sasa nimekuwa nikijenga, katika chumba cha nyuma cha nyumba yetu hapa Tudor, mtaa wa Mombasa, mfano wa reli ya zamani itokayo kituo cha Mombasa, ikavuka Makupa, ikapanda Changamwe na kufika Mazeras. Ni ile reli ya upana wa mita moja ambayo ujenzi wake ulianza mwaka 1896, wala si hii mpya iliyofunguliwa mwaka 2017. Kwa kipimo cha 1:87 upana huo unakuwa milimita 12 hivi, na meza yangu ina urefu wa mita 6. Milima, minazi na majengo ya juu ya meza yamenipa raha tupu. Kilichonisumbua ni nyaya zilizo chini yake.

Mwanzoni nilitandaza waya wa spika, wa milimita mraba 0.5, kutoka kidhibiti cha umeme hadi mwisho wa meza. Garimoshi lilitoka Mombasa vizuri, lakini kila lilipokaribia Mazeras lilijikokota kana kwamba limebeba shehena ya saruji. Nilifungua injini, nikaipangusa, nikaitia mafuta, na hali haikubadilika. Baadaye ndipo nilipokaa na kalamu nikapiga hesabu ambayo ningalipaswa kuipiga kabla ya kwenda dukani. Mita moja ya waya ule ina ukinzani, yaani uzuiaji wa umeme, wa omu 0.034 hivi, na kwa kuwa umeme huenda na kurudi, mita 6 za meza ni mita 12 za waya, yaani omu 0.41. Injini mbili na taa za mabehewa zikivuta ampea 3, zaidi ya volti moja hupotea njiani. Waya wa milimita mraba 2.5, ule ule ambao mafundi hutumia kwa soketi za nyumbani, hupoteza robo ya volti tu kwa mwendo huo huo.

Reli zenyewe hazifai kutegemewa kubeba umeme mbali. Zimetengenezwa kwa mchanganyiko wa shaba, nikeli na zinki, na ukinzani wake ni zaidi ya mara kumi ya ule wa shaba tupu. Tena vile vibati vinavyounganisha kipande na kipande hulegea. Kwa hiyo sasa nina nyaya mbili nene zinazopita chini ya meza yote, nyekundu na nyeusi, na kila baada ya mita moja kuna vijiwaya vyembamba vya milimita mraba 0.5, visivyozidi sentimita 20, vinavyopanda hadi kwenye reli. Wembamba hauna madhara mahali penye ufupi namna hiyo.

Ukienda dukani, kwangua ncha ya waya kwa kisu kabla ya kulipa. Kuna waya wa bei rahisi ambao kwa nje ni mwekundu wa shaba na kwa ndani ni mweupe wa alumini. Huo hupitisha umeme kwa shida zaidi na haushiki lehemu inavyotakiwa. Nauepuka kabisa.

Hata hivyo, waya mzuri haukunitosha. Nyaya mpya niliziunganisha kwa kuzisokota na kuzizungushia utepe wa plastiki, na kwa miezi michache mambo yalikuwa sawa. Joto la Machi lilipofika, gundi ya utepe iliyeyuka na kuteleza, na hewa ya bahari ikaingia. Fundi wa redio wa mtaani, mzee ninayemheshimu sana, aliingia chini ya meza garimoshi likiwa linakwenda, akapapasa nyaya kwa vidole bila kutumia kipima umeme chochote, kisha akaniita: “Mwanangu, hebu shika hapa. Pana moto hapa.” Palikuwa pamoto kweli. Tulipofungua utepe tulikuta shaba imefanya ukoga wa kijani, na unga wake ukanibaki vidoleni.

Tangu siku hiyo kila ungio nalilehemu. Natumia lehemu ya bati na risasi yenye ulimbo ndani yake, wala siigusi dawa ya asidi ya mafundi bomba, kwa maana mabaki yake huendelea kula shaba baada ya kazi kwisha. Reli naisugua kwa msasa mpaka ing’ae, naipasha moto kwanza, kisha naigusisha lehemu ili iyeyuke kwa joto la reli yenyewe. Ikitulia kama tone la maji juu ya jani la mgomba, haijashika; ikitambaa na kujilaza, imeshika. Mahali ninapohitaji kufungua tena, kama kwenye njia panda za Changamwe, nimeweka konekta za skrubu, na hizo nazikaza upya kila baada ya miezi mitatu.

Jaribio la mwisho ni la sarafu. Kidhibiti changu ni cha dijitali, cha volti 15 na ampea 5. Ukilaza sarafu ya shilingi 10 juu ya reli mbili, umeme hupita moja kwa moja kutoka reli moja hadi nyingine, na kidhibiti kinapaswa kuukata papo hapo. Kisipokata, wati 75 zinaweza kuwa zinachoma kitu mahali usipopaona. Jumamosi iliyopita niliipitisha sarafu kila nusu mita, kutoka Mombasa hadi Mazeras. Umeme ulikatika kila mara, isipokuwa mahali pamoja kwenye kona ya Makupa. Kijiwaya cha hapo nimekwisha kukikata, na kesho nalehemu kingine.