Begi la jinzi: sasa nimefika kwa mikanda

Mwili wa begi umeisha, bitana imeingia, imebaki mikanda na zipu ya juu, na hapo kwa mikanda ndio kazi iko.

Wenye wameuliza kitambaa, ni jinzi za mtumba za soko la Gikomba, Nairobi, zile za wanaume saizi kubwa, si hizi za kuvutika. Denimu mpya sinunui siku hizi. Jinzi ya mtumba imefuliwa hadi imemaliza kurudi, rangi haichuji tena, na mguu mmoja ukiufumua kwa mshono wa nje unapata kipande kirefu safi. Ule mshono wa ndani wenye nyuzi mbili niliuacha makusudi upite katikati ya begi, unakaa kama urembo. Na msihangaike na kamera, yaani zile nguo za gredi ya kwanza, kamera ni ya kuvaa, hii ni ya kukata, hata ikiwa imepasuka goti chukua, hapo ndio unaongea bei vizuri.

Bitana ni kitenge kilichobaki kwa gauni la dada yangu. Nilikifua kwanza kabla ya makasi, sababu jinzi haitarudi lakini pamba mpya itarudi tu, na bitana ikirudi peke yake ndani begi lote linajikunja. Mfuko wa simu nimeuweka ndani, upande unaogusa mwili, na zipu yake, maana begi la tao lazima ulichore ukifikiria wezi wa mfukoni kwa msongamano wa barabara ya Tom Mboya saa kumi na mbili jioni. Chini nilikata pembe sentimita 6 kila upande kutoka kwa mshono, kwa hivyo kitako ni sentimita 12, linakaa wima kwa mapaja ndani ya matatu bila kumwaga vitu.

Sasa mikanda. Ukikunja jinzi mara nne halafu uishonee kwa pindo la juu, unakuwa na mlima. Sindano ni namba 18, mlima wenyewe naupiga nyundo kwanza hadi ulale, kisha naweka kipande cha jinzi kilichokunjwa nyuma ya mguu wa cherehani ndio usiinuke upande mmoja na kuruka mishono, na gurudumu nazungusha kwa mkono polepole. Hapa ndio cherehani ya Butterfly ya kukanyaga inashinda hizi za umeme za plastiki, sitaki hata kubishana. Mwisho wa kila mkanda ni mraba wenye iksi ndani.

Shangazi anataka nipeleke begi soko la Kariokor liwekwe mikanda ya ngozi kama kiondo. Inapendeza kweli, lakini shangazi, hili ni begi la kubebea sukuma wiki na nyanya, lazima liingie kwa beseni lifuliwe.

Zipu natafuta ya chuma, meno makubwa, nitapitia Eastleigh Jumamosi.