Kulala kwenye gari kambini: maji, umeme na baridi kati ya Moshi na Ngorongoro

Ushauri mwingi kuhusu kusafiri na gari la kulala umeandikwa kwa ajili ya Marekani. Kule dereva anaegesha kwenye kiwanja chenye namba yake, anachomeka umeme wa ampea 30 au 50, anaunga mpira wa maji, na pembeni kuna tundu la kumwagia maji taka. Ukiusoma huo halafu ukatoka Moshi na Land Cruiser yenye hema juu ya keria, usiku wa kwanza tu utakuwa umeshakwama. Kambi nyingi za huku kwetu zinakupa nyasi za kuegesha, choo, bafu ambalo likiwa na maji ya moto ushukuru, na banda la kupikia. Basi. Vingine vyote unakuja navyo.

Nianze na maji, maana ndiyo yanayoharibu safari mapema. Hesabu lita 10 kwa mtu kwa siku: tatu za kunywa, mbili za kupikia na chai, zilizobaki za vyombo na kujimwagia kidogo. Ukibana sana unaweza kushuka hadi tano, ila hapo habari ya kuoga isahau. Watu wawili kwa siku tatu ni lita 60, yaani madumu matatu ya lita 20, na ni kilo 60 za mzigo. Yakae sakafuni, karibu na katikati ya gari, yamefungwa mkanda. Ukiyapandisha kwenye keria ambako tayari kuna hema lenye uzito kama huohuo, gari linakuwa zito kichwani, na kwenye kona za kupandia ukingo wa kreta ya Ngorongoro utalisikia linavyolala upande.

Dumu lililokuwa na mafuta ya kula usilichukue ukidhani sabuni itamaliza kazi. Plastiki imeshanyonya, na siku ya pili juani chai yako itanukia chipsi. Nunua dumu jipya la maji, lisuuze mara mbili, kisha lijaze hadi juu kabisa. Dumu lenye nafasi linachapachapa maji njia nzima na kifuniko kinaanza kuvuja.

Sasa floraidi. Mtu wa Arusha hahitaji kuelezwa, meno ya kahawia ya waliokulia kuzunguka Mlima Meru yanatosha. Miamba ya volkano inaachia floraidi kwenye maji, na sehemu nyingi za huko kiwango kinapita miligramu 1.5 kwa lita, ambacho ndicho Shirika la Afya Duniani linashauri kisizidi. Kosa la kawaida ni kudhani kuchemsha kunasaidia. Kuchemsha kunaua vijidudu, lakini floraidi inabaki palepale, tena maji yakipungua sufuriani inakolea zaidi. Vidonge vya klorini na chujio la kawaida la mshumaa navyo haviiondoi. Vinavyoiondoa ni mkaa wa mifupa na mitambo ya kuchuja kwa shinikizo, na hivyo si rahisi kuvibeba kwenye buti. Kwa mtu mzima anayelala siku mbili si jambo la kumnyima usingizi, kwa sababu madhara yanakuja kwa miaka. Ila kama mna watoto ambao meno yao bado yanakua, jazeni madumu Moshi mjini, kwenye maji ya chemchemi za Kilimanjaro, kabla ya kuelekea magharibi. Maji mtakayoongeza njiani yawe ya kuoshea.

Ukilazimika kunywa maji ya bomba la kambi, kidonge kimoja cha klorini cha miligramu 67 kinatosha dumu la lita 20, kisha subiri dakika 30. Yakiwa na tope, yachuje kwanza kwa kitambaa kizito, kwa sababu tope linakula klorini na vijidudu vinapona.

Kwenye umeme ndiko wengi wanakopoteza pesa. Chukua friji la gari la lita 40. Kompresa yake ikizunguka inavuta kama ampea 4. Moshi mwezi wa pili, joto likiwa limekaza, kompresa inafanya kazi karibu nusu ya muda wote, hivyo kwa saa 24 friji limekula kama ampea-saa 48, yaani ampea 4 mara saa 12. Betri ya pili ya vifaa vya kambini, ikiwa ni ya AGM (aina ya betri ya asidi iliyozibwa) ya ampea-saa 100, haitakiwi kushushwa chini ya nusu, la sivyo inakufa kabla ya muda wake. Maana yake ukiegesha siku moja tu bila jua wala kuwasha injini, umefika mwisho. Friji hilohilo kwenye ukingo wa Ngorongoro linaweza kutumia nusu ya hapo, kwa sababu hewa yenyewe ni friji. Paneli ya wati 100 ikipata saa tano za jua zuri inarudisha takriban ampea-saa 30 baada ya kutoa kinachopotea njiani. Kwa joto la Moshi haitoshi peke yake. Weka ya wati 200, au ukubali kutembeza gari kila siku.

Kuna lalamiko moja linalosikika sana: friji linajizima usiku wakati betri bado ina chaji. Mara nyingi friji halina kosa, kosa ni waya. Fundi amevuta waya wa milimita za mraba 1.5 kutoka kwenye betri ya mbele hadi buti, mita sita kwenda na sita kurudi. Kwa ampea 5, waya huo unapoteza karibu volti 0.7. Betri inasoma 12.2, friji linaona 11.5, na kompresa ikitaka kuanza kuzunguka inavuta zaidi, volti zinaanguka, kinga ya betri inakata. Badilisha uweke waya wa milimita za mraba 6 na upotevu unashuka hadi chini ya volti 0.2. Fyuzi iwe karibu na betri, sentimita 20 au pungufu, maana fyuzi iliyo upande wa friji haiulindi waya wenyewe ukisuguliwa na bodi na kupiga shoti. Soketi ya kiberiti, ile ya kuwashia sigara, nayo iache. Mawimbi ya barabara yanaitikisa hadi plagi inachomoka nusu, na nyama unaikuta imeoza bila taa yoyote kukuonya. Tumia plagi inayojibana.

Umeme wa kambi ukiwepo ni volti 230, hezi 50, soketi ya pini tatu za bapa. Gari lililotengenezwa Ulaya linakuja na plagi ya bluu ya ampea 16, hivyo linahitaji kiunganishi tu. La Marekani ni habari nyingine: vyombo vyake ni vya volti 120 na hezi 60, na ukilichomeka moja kwa moja unachoma kila kilichowashwa. Transfoma inashusha volti lakini haibadilishi hezi, kwa hiyo hata ukiwa nayo, kiyoyozi chenye mota kinaweza kuchemka. Waya wa ekstensheni ulioviringishwa kwenye gurudumu lake ufungue wote kabla ya kuwasha kitu kizito kama birika, kwa sababu ukiwa umejikunja unajipasha joto wenyewe hadi plastiki inayeyuka. Umeme ukikatika, chomoa. Ukirudi, ngoja dakika chache kwanza.

Kuhusu vyoo vya ndani ya gari, vile vya kaseti, yaani vyenye tangi la kuchomoa na kwenda kumwaga, nitasema moja tu: usimwage zile dawa kali zinazotiwa humo kwenye choo cha kambi bila kuuliza. Zinaua bakteria wanaofanya kazi ndani ya shimo, na mwenye kambi ndiye atakayebaki na harufu.

Baridi watu wanaidharau kwa sababu wanatoka Moshi, mita 800 na kitu kutoka usawa wa bahari, wamevaa kaptula. Kambi ya Simba kwenye ukingo wa kreta iko kama mita 2,300, na kuanzia mwezi wa sita hadi wa nane usiku unaweza kukaribia nyuzi 5. Kwenye hema la juu ya gari baridi inatokea chini, kwa sababu upepo unapita kati ya keria na sakafu ya hema. Blanketi la ziada weka chini ya godoro, ndipo utalala. Madirisha yaachwe wazi upana wa kiganja hata kama meno yanagongana. Pumzi za watu wawili usiku kucha zinageuka maji kwenye turubai, na asubuhi godoro limelowa kwa chini.

Jiko la mkaa lisiingie ndani ya hema wala ndani ya gari, hata likiwa limebaki makaa mawili chini ya majivu. Hewa ya kaboni monoksaidi haina harufu, na anayeivuta akiwa usingizini haamki.

Kupikia, mtungi wa gesi wa kilo 6 unawatosha watu wawili wiki mbili bila wasiwasi. Kabla ya kuondoka paka povu la sabuni kwenye maungio. Likitoa mapovu, mara nyingi ni mpira wa regyuleta umechoka, na ni kitu cha bei ndogo. Vikopo vidogo vya gesi ya butani vinavyouzwa kwa wapanda mlima vinasumbua kwenye baridi, kwa kuwa butani ikikaribia nyuzi sifuri inakataa kugeuka gesi, na asubuhi moto unakuwa wa mshumaa. Halafu maharage: kule juu maji yanachemka kwenye nyuzi kama 92, kwa hiyo yanatokota vizuri kabisa na hayaivi. Yachemshe nyumbani, uende kuunga tu.

Kuegesha kuna ujanja wake. Kivuli kizuri kwa hema ni kibaya kwa sola, hivyo paneli inayobebeka yenye waya wa mita 5 hadi 10 ni bora kuliko ile iliyofungwa juu ya paa. Upande wa Marangu na Usa River usiegeshe chini ya mparachichi wakati wa msimu, labda kama unapenda kuamshwa kwa ngumi. Chini ya mgunga mkubwa, angalia juu kama kuna tawi kavu. Wakati wa masika geuza pua ya gari ielekee njia ya kutokea na ukae sehemu ya juu: udongo mweusi ukilowa usiku, asubuhi tairi zinavaa tope kama viatu na hata gia ya chini inabaki kupiga kelele tu. Gari likiinama, lala kichwa kielekee upande ulioinuka, na weka jiwe chini ya tairi hata kama breki ya mkono unaiamini.

Wanyama. Kambi za hifadhini hazina uzio. Pale Kambi ya Simba, tembo wamezoea kufuata maji ya tangi la kambi, na nyati wanakuja kula nyasi katikati ya mahema. Ukiwa juu ya gari uko salama kuliko wa chini, tatizo ni ngazi. Kabla hujateremka saa nane usiku, mulika chini ya gari na pande zote, tafuta macho. Wengi waliozoea wanabeba kopo la haja ndogo na hawateremki kabisa. Viatu vya ngozi usiviache chini, fisi anavitafuna. Sufuria zioshwe kabla ya kulala, chakula chote kiwe ndani ya gari lililofungwa, kwa sababu nyani akiona mkate kwenye kioo kilichoachwa wazi hahitaji zaidi ya sekunde tano. Tarangire kuna ndorobo (mbung'o): wanafuata gari linalotembea na wanapenda nguo za bluu iliyokolea na nyeusi, kwa hiyo vaa kaki na ufunge vioo ukiwa mwendoni.

Malipo yanafanyika kabla au kwa kadi, usitegemee noti getini. Kibali kinahesabiwa kwa saa 24. Ukiingia Serengeti saa nane mchana na umelipia siku mbili, saa nane mchana ya keshokutwa uwe umetoka. Pancha moja barabara ya Naabi, lango la Serengeti, inaweza kukuingiza siku nyingine, kwa hiyo weka saa mbili za akiba. Ukirudi kwa barabara ileile unapita tena eneo la Ngorongoro, na unalipa tena. Kambi ya umma ina choo na mara nyingi maji. Kambi maalumu ni ghali zaidi na haina kitu isipokuwa utulivu, na kama madumu yako hayajajaa usiilipie. Gari zito la kulala lenye uzito wa kuanzia tani 3.5 lina jambo la ziada: kwenye mizani barabarani linaingia pamoja na malori.

Kaza nati za keria baada ya kilomita 100 za kwanza za vumbi, halafu kila asubuhi zijaribu kwa mkono. Ukisikia mlio mpya juu ya kichwa, simama palepale. Keria iliyolegea upande mmoja inapasua mfereji wa paa.

Ukirudi nyumbani, osha gari kwa chini kwanza, vumbi la kule lina magadi na linakula chuma. Hema lifunguliwe siku hiyohiyo hata kama lilikunjwa likiwa kavu, godoro liinuliwe lisimame ubavuni, zipu zipitishwe mshumaa. Madumu yamwagwe, yaegemezwe mdomo chini, vifuniko viwekwe pembeni.