Nimonia Inayomwacha Mtoto Akicheza

Tumezoea nimonia inayojitangaza yenyewe: mtoto yuko hoi, mwili unachemka, na pua zinatanuka kila anapovuta pumzi. Ile inayoletwa na bakteria aitwaye Mycoplasma pneumoniae huja kwa namna nyingine, na naamini inastahili kuogopwa zaidi kwa sababu ya upole wake.

Wiki mbili hadi tatu baada ya kuambukizwa, mtoto huanza kulalamika koo na kichwa, homa yake haipandi sana, kisha hufuata kikohozi kikavu ambacho huzidi siku hadi siku na huweza kudumu wiki kadhaa, ilhali mwenyewe bado anacheza. Kwa walio chini ya miaka 5 utambuzi ni mgumu zaidi, maana wao huweza kuonyesha mafua, kutapika, kuharisha na mlio kama wa filimbi kifuani, hivyo ni rahisi kudhaniwa kuwa wana pumu. Tusidhani kwamba ugonjwa huu ni wa wanafunzi wakubwa tu: nchini Marekani, kati ya Aprili na mwanzoni mwa Oktoba 2024, sehemu ya watoto wa miaka 2 hadi 4 waliofika idara za dharura kwa nimonia na kukutwa na bakteria huyo ilipanda kutoka asilimia 1 hadi 7.2.

Mzazi ana kipimo chake nyumbani. Mtoto akiwa ametulia, mfunue kifua, kisha hesabu pumzi kwa dakika nzima: 50 au zaidi kwa mwenye miezi 2 hadi 11, au 40 au zaidi kwa mwenye mwaka 1 hadi 5, ni kupumua haraka, na apelekwe kituo cha afya siku hiyo hiyo. Akishindwa kunyonya au kunywa, akipata degedege, akilegea, au sehemu ya chini ya kifua ikibonyea ndani anapovuta pumzi, ni dharura.

Amoksilini hubaki antibiotiki sahihi ya kuanzia kutibu nimonia, lakini hushambulia ukuta wa seli, yaani ganda la nje la bakteria, na bakteria huyu hana ukuta huo. Kwa hiyo mtoto asipopata nafuu ndani ya siku 2 hadi 3, usikimbilie duka la dawa kununua nyingine. Mrudishe kwa daktari, ambaye anaweza kuamua kumpa azithromaisini, antibiotiki isiyolenga ukuta huo, na umweleze kama kuna mtu nyumbani aliyekohoa wiki chache kabla.